Tulivyomvalisha Nafula

Iko siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na nikikuona hivi umenuna juu rafiki yako amepata rafiki mwingine, hiyo siku inarudi mbele yangu kama ni jana. Hebu kaa hapo. Chai iko kwa thermos, jimiminie.

Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Nilikuwa naishi Kisumu Ndogo, nauza nguo za watoto pale soko la Toi, na jioni naenda masomo ya watu wazima kanisani, juu nyumbani niliachia shule darasa la tano. Huko kote nilikuwa na mtu mmoja: Nafula. Tulitoka kijiji kimoja, tukapanga mlango kwa mlango, na meza zetu sokoni ziligusana. Nikichelewa, yeye ndiye alikuwa ananitandikia mali. Mtu akimtafuta Nafula alikuwa anakuja kuniuliza mimi, na hiyo ilikuwa inanifurahisha kuliko inavyofaa.

Halafu Rispa akatokea. Alikuwa na kasaluni kadogo huko Kawangware, karibu na steji ya matatu za 56. Mwanamke wa kucheka kwa sauti. Alikuja kununua sweta ya mtoto, akakalia kiti changu, wakapiga stori na Nafula mpaka jua likaenda. Kidogo kidogo nikaanza kusikia, "Rispa alisema," "Mimi na Rispa." Siku moja nikapika mboga ya mrenda vile Nafula anapenda, akaniambia pole, ameshashiba kwa Rispa. Nikafunika sufuria.

Wivu ya mtu mwenye anaomba sana ni mbaya, mwanangu, juu inajificha ndani ya maombi. Nilikuwa namwombea Rispa apate nyumba nzuri, mbali. Thika, nilikuwa namwambia Mungu. Ama Mombasa, kama Thika imejaa.

Ajali yenyewe ilikuwa Jumamosi, mchana kweupe. Nafula na Rispa walitoka Kawangware wakiwa wamebebwa na boda moja, Nafula katikati, Rispa nyuma. Walikuwa wanakuja Toi. Mtu wa gari ndogo, simu kwa sikio, akakata kona mbele yao bila kuangalia, bila kuwasha indiketa. Mwenye boda alivunjika mguu. Rispa alivunjika mkono. Nafula hakufika hospitali.

Sitakueleza vile nililia. Utajua kilio chako siku yake, na Mungu aisongeze mbali.

Sasa sikiza. Kwetu, kabla mwili usafirishwe nyumbani, wamama wanachagua wawili waende mochari kumvalisha marehemu. Si kazi ya kila mtu. Ni wewe utamgusa mwisho, ni wewe utamfunga vifungo. Kila mtu kwa hiyo matanga alijua mmoja ni mimi. Nilikuwa nimeshaweka rinda ya kamera, yaani ile safi unatoa kwa belo ya mitumba kabla mteja hajaigusa. Rangi ya samawati. Nilikuwa nimeipiga pasi mara mbili.

Wakati wamama wanauliza wa pili ni nani, Rispa akaingia kwa plot yetu, mkono umefungwa plasta, uso umechubuka. Akasema pole pole, "Mkikubali, naomba niende pia."

Nikasimama. "Uende ukamvalishe na mkono gani?"

Akaangalia plasta. Nikaendelea:

"Si wewe ndiye ulikuwa unamwita Kawangware kila saa? Angekuwa kwa meza yake saa hii. Lakini wewe umepona. Wewe hupona tu."

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Hiyo ni ukweli," na mwingine akaitikia kwa koo. Rispa alituangalia mmoja mmoja. Akasema, "Sawa. Kesho naenda ushago, kwetu kijijini. Sitawasumbua tena." Akatoka. Na mimi nikakaa chini nikijisikia nimeshinda kitu.

Mama Loice, mkubwa wa wamama wa kanisa letu, alikuwa kwa kona anachagua mchele. Yeye alikuwa anauza samaki, omena, na sauti yake hakuwa anaipandisha hata kwa mwizi. Akaniita. "Mama Sheila, kuja ukae hapa."

Nikaenda.

"Nani alimuua Nafula?"

Nikaangalia mchele.

"Nakuuliza, msichana wangu."

"Ni mtu wa gari."

"Huyo mtu wa gari leo amekula chakula cha mchana. Tangu juzi sijakusikia ukimtaja. Ni Rispa, Rispa. Na nasikia huyo wa gari ameshasema ati ni mwenye boda alikuwa anakimbia ovyo. Mwenye boda akikataa, watasema anajitetea. Sasa amebaki nani mwenye aliona hiyo simu?"

Nikaona mahali anaenda, nikainamisha kichwa.

"Na huyo ndiye unafukuza aende ushago. Juu ya nini? Nafula hakuwa shamba useme uko na hati yake. Wewe hulii Nafula peke yake. Unalia juu hukuwa kwa hiyo pikipiki." Akarudi kwa mchele wake, kama mtu mwenye hajasema kitu.

Nilikasirika, mwanangu. Ukweli ukikuingia, unaanza kwanza kwa kukuchoma. Lakini miguu ilinitoa hapo yenyewe. Nikamkuta Rispa amekaa kwa mawe kando ya barabara, anangojea gari ya kurudi Kawangware.

Nilifaa niseme pole. Unajua nilisema nini? Wivu haifi kwa kuambiwa ife. Nikamuuliza, "Huko njiani, alinitaja?"

Akafikiria. Angenidanganya. Mtu mwingine yeyote angenidanganya, angesema ndio, alikuita jina lako, na ningelala vizuri. Rispa akasema, "Hapana. Alikuwa anaongea juu ya nyanya. Vile zimepanda bei."

Iliniuma mpaka nikakaa kwa hayo mawe. Halafu nikaona: huyu hawezi kuongeza chumvi hata kwa mtu analia. Kama ni mtu wa kusimama mbele ya hakimu, ni huyu.

Nikamwambia, "Kuja tukamvalishe."

Kidole kimoja hakivunji chawa, na huko mochari niliona vile hiyo methali ilitungwa. Mimi nilikuwa nainua, Rispa anavuta mkono wa rinda na mkono wake mzima. Nilipofika kwa nywele nikakwama. Hizo lines za kichwani alisuka Rispa, mimi sikujua hata pa kuanzia. Akaniambia, "Shika hapa. Usivute, yeye huumia haraka." Hata hapo wivu ikanidunga, ati anajua kichwa cha rafiki yangu kuliko mimi. Lakini nikashika vile aliniambia.

Rispa hakurudi ushago. Tulienda naye kituo cha polisi kuandikisha vile aliona, na kesi ilipoanza tulikuwa tunaenda wote. Iliahirishwa na kuahirishwa. Siku ya Rispa kutoa ushahidi ilipofika, wakili wa mwenye gari akamwambia, "Wewe unaongea hivi juu uko na uchungu wa rafiki yako."

Rispa akamjibu, "Uchungu niko nao. Na simu ilikuwa kwa sikio. Hizo ni vitu mbili."

Yule mtu alipatikana na makosa. Nilimwangalia sana siku hiyo nikitafuta shetani, nikaona ni mtu tu, shati haijapigwa pasi vizuri. Hiyo iliniogopesha zaidi. Watu husema ajali haina kinga. Ziko zenye hazina kinga. Lakini hiyo ilikuwa na kinga: ni kuweka simu chini.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Rafiki hapewi mtu kama urithi. Akipenda mwingine, hajakupunguzia chako, hata kama moyo unakuambia amekupunguzia. Na msiba ukija, usimpige mwenye ako karibu juu mwenye alikosa ako mbali. Chunga sana mtu mwenye hakudanganyi kukufurahisha, hata kama humpendi. Siku ya shida ndiye utamtafuta. Na ukishika usukani, ama hata ukikalia boda, kumbuka kila mtu barabarani ako na mtu mahali anamngojea.

Wivu yangu haijaisha yote. Rispa akinihadithia kitu Nafula alimwambia na mimi hakuniambia, bado nasikia kitu hapa kifuani. Naomba, inapita, tunaendelea kunywa chai.

Sasa inuka, umpigie huyo rafiki yako simu. Na Mungu akupe marafiki wengi kuliko wenye unaweza kuwashikilia, akulinde unapotoka na unaporudi, na barabara zote utakazopita zikufikishe kwa watu wako ukiwa mzima. Amina.