Toka Kwanza, Ndipo Utoke

Juzi maktabani nilivua sweta langu, nikafunika nalo kioo cha kompyuta ya kijana nisiyemjua. Alikuwa ameinuka akaenda zake, barua pepe zake zikiwa wazi.

Nilipokuwa mdogo, intaneti ikiwa bado ngeni Arusha, dada yangu Neema alinipeleka maktabani. Alikuwa anakwenda kusoma barua pepe ya mchumba ambaye baba hakuwa amemjua bado. Chumba kilinukia zulia jipya na vumbi lililopata joto. Neema alipoinuka kwenye kompyuta, mama wa maktaba akamwambia, "Binti, toka kwanza, ndipo utoke."

Nyumbani kwetu Sekei, "toka!" waliambiwa mbuzi na mbwa. Nilipandwa na hasira. "Twende, dada, tunafukuzwa!" Nikamvuta mkono hadi mlangoni.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa jirani yetu, mwanamke ambaye siri haikuwahi kulala kwake. Nilipogeuka, mama wa maktaba alikuwa ameitoa kanga yake begani, ameitandaza juu ya kioo, naye amekipa mgongo.

"Subiri," alimwambia jirani. "Mwenyewe hajatoka."

"Si yule pale mlangoni?"

"Huo ni mwili. Barua zake bado zimo humu."

Neema alirudi mbio, akabonyeza palipotakiwa kufunga barua zake, ndipo kanga ikaondolewa.

Kijana wa juzi naye alirudi, alikuwa ameisahau kalamu yake. Nikamwambia, "Toka kwanza, ndipo utoke."

Akanitazama kwa uchungu. "Shikamoo, mama. Nimekukosea nini?"