Kimya cha Kwenye Rundo la Matawi

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Nyumbani wanasema ni ukungu na njaa tu. Wewe sikiliza kwanza, halafu useme.

Mimi na binamu yangu Atupele tulianza kupanga safari tangu shuleni. Likizo ya Juni tungefuata kipande cha njia ya zamani ya wapagazi, ile ndefu itokayo upande wa Iringa. Tungevuka mgongo wa milima ya Poroto, kutoka kwa bibi yetu Uyole mpaka kwa shangazi Tukuyu. Sisi wawili tu. Tulishapatana nani abebe sufuria, nani viazi, na kwamba tutalala blanketi moja.

Kisha akaja Felista, mwanafunzi mwenzetu. Kwao Kalenga, kwa Wahehe, ni mbali, basi Atupele akamkaribisha likizo nzima bila kuniuliza. Siku ya pili tu sufuria ikawa ya Felista, na blanketi pia. Mimi ni mtu wa aibu. Kanisani ninaimba, tena watu hugeuka kunitazama, lakini kusema mbele za watu siwezi. Felista akanicheka: "Huyu bubu wenu tutampoteza ukunguni, hata kuita hawezi." Atupele akacheka naye. Kicheko cha Felista kilinipita. Cha Atupele, niamini, kilinichoma hadi usingizi ukakatika.

Bibi, Msafwa wa huko huko milimani, akatukumbusha desturi. Njia inapovuka mgongo pana rundo la matawi. Kila mpitaji huvunja tawi bichi, akaliweka, akapita kimya mpaka rundo lisionekane tena. Hata kikohozi unakimeza.

Ilibaki kujua kama daraja la magogo, mbele ya rundo, limesalimika na mvua. Nikasema nitakwenda kuangalia. Nilitaka wanihitaji kwa jambo moja.

Nilipanda asubuhi. Karibu na rundo ukungu ukashuka. Niliweka tawi langu, na nilipoinua kichwa Felista alikuwa amekaa upande wa pili, na kitambaa chake chekundu kichwani. Alinipitaje? Nilimwacha jikoni akimenya viazi.

Akasema taratibu, "Mimi nibaki huku, Atupele awe wako peke yako. Ukinyamaza, umekubali."

Alisema kwa Kisafwa, safi kama cha bibi. Felista hajui hata salamu ya Kisafwa. Hapo nikajua si yeye.

Unadhani nilijibu upesi? Niliona blanketi letu. Niliona nyumba bila kicheko cha Felista. Na desturi yenyewe ilinitaka ninyamaze, sasa nani angenilaumu? Lakini nikamwona pia mama yake, kule Kalenga, akimngoja.

Nikasema, "Sitaki."

Akatabasamu kama mtu aliyepewa alichokuja kukitafuta. Ukungu ukapita mbele yake, na hakuwapo.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Felista alikuwa jikoni, viazi vimeiva. Nilipofungua mdomo nieleze, ikatoka sauti ya kukwaruza kama ya kikongwe. Bibi alinitazama tu. "Umesema pale, mjukuu wangu."

Hospitali walinichungulia koo, hawakuona kitu. Safari haikuahirishwa. Wale wawili walikwenda, na blanketi letu wakaenda nalo. Mimi nikabaki kunywa maji ya moto na asali.

Waliporudi, Felista alinifuata nyuma ya nyumba, hana mzaha hata kidogo. Alisema pale kwenye rundo Atupele alikuwa ametangulia, ukungu ukashuka, naye akanikuta mimi nimekaa. Eti nikamwambia kwa Kihehe, nami Kihehe sikijui, kwa sauti yangu ya kanisani, kwamba mimi nibaki huku, Atupele awe wake. Akinyamaza, amekubali.

"Ukanijibu nini?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Si bibi alisema tunyamaze?"

Shule imefunguliwa, na kitanda cha Felista kiko karibu na cha Atupele. Bado namwonea wivu, hilo nalo ni kweli. Sauti yangu haijarudi. Bibi ametuma salamu kwamba jioni, ukungu ukishuka, kuna msichana anaimba juu mgongoni nyimbo zetu za kanisani, naye bibi hufunga dirisha.

Basi ukipanga kuvuka Poroto, usipande na moyo unaotamani mwenzio apungue. Na ukisikia msichana anakuita kwa sauti nzuri kutoka ukunguni, usiitike. Si mimi. Mimi siku hizi ninakwaruza tu.