Mafuta Ndani ya Kidonge

Daktari alimwandikia baba vidonge vya mofini kwa sababu saratani ilikuwa imefika kwenye mifupa ya mgongo. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, na kimezwe kizima. Siku ya pili nikavikuta vyote bado vimo kwenye pakiti, naye amejikunja kitandani, jasho linamtoka, karatasi ya maelezo iko mkononi.

"Mtu wa msikitini ameniambia hii magnesiamu stearati ni mafuta," akasema. "Mafuta ya mnyama gani?"

Nilitaka kulia kwa hasira. Kidonge kilikuwa na mofini, dawa inayotokana na afyuni, inayofungiwa kabatini kwa kufuli. Hiyo haikumsumbua. Kilichomkosesha amani ni chembe ya mafuta inayowekwa ili unga usigande kwenye mashine. Shehe alishamwambia mgonjwa ana ruhusa hata ya kilicho haramu. Baba alimsikiliza, akamshukuru, akaendelea kuumia.

Nikashuka kutoka kwetu Mumbuni hadi duka la dawa mjini. Mfamasia akanisomea orodha bila haraka: laktosi ni sukari ya maziwa, selulosi hutoka kwenye miti, talki ni jiwe lililosagwa. Kwenye stearati akasita. Yaweza kuwa ya mimea, ya ng'ombe, hata ya nguruwe, karatasi haisemi. Akanishauri niwaandikie watengenezaji barua. Barua, na mgongo ule unangoja nyumbani.

Nilirudi nimefura. Nikamwambia baba wazi kwamba amenichosha, kwamba anajitesa na kututesa sisi sote.

"Niliuza nyama miaka arobaini kwa bucha yangu," akasema polepole. "Hakuna mtu aliwahi kuniuliza ni nani alichinja. Waliniamini tu. Sasa mimi niko na nani wa kuamini?"

"Uko na mimi."

"Basi niambie, mwaitu." Yaani mama, aliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Ni mafuta ya nini?"

"Ya mimea, baba. Nimeuliza."

Akasema Bismillahi, akameza. Kufikia adhuhuri alikuwa ameketi, anaitisha uji.

Alivimeza miezi mitatu, hadi mwisho wake, na hakuuliza tena. Mafuta yale sijui hadi leo yalitoka wapi. Mtu aliyemsumbua shehe na kunishusha hadi mjini alitosheka na neno langu moja, na bado ninamkasirikia kwa kuniamini upesi hivyo.