Mama Yake Nguzo Alipoenda Luanda

Jumamosi iliyopita niliburutwa hadi Westlands kuona filamu. Nasema niliburutwa kwa sababu mtu anayeuza viatu vya watoto katikati ya mji haachi duka Jumamosi kwa hiari yake. Binti yangu na wenzake wa shule walikuwa wamepata tiketi za filamu mpya ya Nguzo, na wazazi wa wale wengine walitaka mtu mzima aandamane nao. Mtu mzima huyo nikawa mimi. Pale juu, bisi za pakiti moja zinauzwa bei ambayo kwangu unatoka na viatu vya Sunday school. Nikamwomba kijana wa kaunta anipunguzie kidogo. Akaniangalia kama niliyemwomba figo.

Kwenye foleni watoto wakaanza kubishana.

"Ya kwanza haiwezi shindwa," alisema mmoja.

"Wapi! Ya kwanza imezeeka. Zile nyumba zinaanguka unaona tu ni kadibodi."

"Lakini ile part mathe yake anakufa? Hawajawahi rudia kitu kama hiyo."

Binti yangu akanigeukia. "Mum, wewe uliona ya kwanza ukiwa mtoto. Gani ni kali?"

Nikasema sikumbuki. Ukweli ni kwamba nakumbuka kuliko watu wote waliokuwa kwenye foleni ile. Tatizo ni kwamba katika ya kwanza niliyoiona mimi, mama yake Nguzo hakufa. Alienda Luanda.

Kama ulikulia upande wetu, rafiki, huhitaji kuelezwa vidio ilikuwa nini. Kama hukukulia huko, sogea nikueleze. Vidio yetu ilikuwa kibanda cha mabati cha kuonyeshea filamu, nyuma ya kinyozi, Kangemi. Madirisha yalizibwa kwa blanketi zilizopigiliwa misumari, na mabenchi yalikuwa mbao za mjengo ambazo bado zilikuwa na simiti kavu, ya kukuchuna mapaja ukikaa vibaya. Ndani kulinukia mafuta ya taa, soksi na mvua. Mbele kulikuwa na televisheni yenye mgongo mkubwa, na kando yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mjomba wangu na maikrofoni.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuja kutoka Vihiga kutafuta kazi. Kazi hakuipata, akapata maik. Filamu zilikuja na Kizungu cha kukimbia ambacho hakuna aliyekifuata, kwa hiyo dijei, ndivyo tulivyomwita mtafsiri wa vidio, alishusha sauti ya filamu hadi mwisho, akaongea yeye. Alikuwa bibi kizee, alikuwa jambazi, alikuwa mbwa wa polisi. Jina la Nguzo alilitoa yeye, na mimi hadi leo sina jingine la kumwita, kwa sababu yule shujaa aliweza kuzuia chochote kinachoanguka, daraja, ndege, ghorofa. Adui wa Nguzo, mjomba alimwita Landilodi, na ukumbi mzima ukamchukia bila kuelezwa zaidi. Mto mkubwa wa ng'ambo, wenye meli, ukawa Mbagathi. Hakuna aliyebisha.

Nje ya mlango, nyanya yangu alikaanga viazi karai vya kuuza. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji kwenye kioski na kusugua karai kwa jivu mpaka kucha zikawa za kijivu. Malipo yangu yalikuwa kuingia vidio bure, na kwa hesabu yangu ya wakati ule nilikuwa nimemlalia nyanya vibaya sana. Nyanya alikuwa akisema mdomo wa mjomba ndio shamba lake, na mwenye shamba moja halichezei.

Darasani nilikuwa na rafiki wa dawati moja. Mama yake alikuwa akiwabebea mafundi maji kwenye mjengo wa fleti, hadi siku slabu, ile dari ya zege, ilipowashukia waliokuwa chini. Mwenye fleti hakuonekana hata mazishini. Rafiki yangu hakulia. Alikuja shule, akafungua daftari, akaandika hesabu. Nyanya akaanza kumwita kwetu jioni, anakula nasi, anasaidia kumenya viazi, na nyanya hamwulizi kitu.

Siku Nguzo ya kwanza ilipofika, mvua ilikuwa inanyesha. Mjomba alikuwa ameipitia filamu asubuhi peke yake, kama alivyofanya kwa kila filamu, ili ajue nani anamfanya nani nini. Kwa hiyo alijua mwisho. Asilojua ni kwamba nyanya, kwa ajili ya ile mvua, angemsukuma rafiki yangu ndani akae nami kwenye benchi la mbele.

Mwishoni nyumba mbili zinaanguka kwa pamoja. Moja imejaa watoto. Nyingine ina mama yake Nguzo, ambaye tangu mwanzo mjomba alikuwa amemfanya mama wa kwetu kabisa, anakohoa, anauliza bei ya sukari, anamkemea mwanawe kwa kuvaa chupi juu ya suruali. Nguzo akaikimbilia nyumba ya watoto. Ile nyingine ikaanza kushuka. Mjomba akatazama benchi la mbele. Maik ikakohoa.

"Tulieni, tulieni!" akapaza sauti. "Mathe ametoka na mlango ya nyuma! Hamumuoni sababu ya vumbi. Saa hii ako steji, anapanda basi ya Luanda, anaenda kwa dada yake. Amesema Nguzo asihangaike, atapiga simu!"

Luanda ile ya kwetu, ya Vihiga. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kwenye televisheni Nguzo alikuwa amepiga magoti kwenye kifusi, analia. Mjomba akasema analia kwa sababu mathe ameenda bila kuaga. Rafiki yangu alitazama mbele tu, kiazi mkononi, hakukila.

Filamu ile ilitushika mtaa mzima. Ilirudiwa likizo nzima. Mtu akisafiri, akirudi anaulizwa, "Mathe alifika Luanda?" Hata mwalimu wetu wa Kiswahili aliuliza, na alikuwa mlokole, vidio hakuwahi kukanyaga.

Kisha ya pili ikaja. Diski ilifika jioni ile ile ya kuonyeshwa, mjomba hakupata nafasi ya kuipitia. Taa ikazimwa, filamu ikaanza, na picha ya kwanza ikawa Nguzo amesimama makaburini na maua. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia mjomba akinyamaza kwenye maik. Spika ikanguruma peke yake.

"Hapa," akasema mwishowe, "Nguzo ametembelea kaburi ya jirani."

"Jirani gani?" akaita kijana wa nyuma. "Si imeandikwa hapo mama!"

Watoto wa Kangemi tulikuwa hatufuati Kizungu cha kukimbia, lakini cha kuandikwa kwenye jiwe tulikuwa tumefundishwa. Watu wakacheka mpaka mwisho wa filamu. Hawakucheka pamoja na mjomba kama siku zote. Walimcheka yeye.

Kesho yake ubishi ukahamia kwa kinyozi. Mjomba alikuwa ameketi kizingitini na kikombe cha chai. Mwenye vidio alikuwa kwenye kiti cha kunyolewa, povu nusu ya uso, anasikiliza. Huyu alikuwa mtu wa kusikiliza. Mjini, au tao kama tulivyoita, kulikuwa kumeanza kuuzwa diski ambazo dijei mwingine ameshaingiza sauti yake ndani, hazitaki mshahara wala chakula cha mchana, na sote tulijua ameziulizia.

"Ya kwanza ndiyo muvi," alisema kinyozi. "Ya pili ni kelele."

"Kelele wapi? Ya pili iko na helikopta kibao."

"Helikopta ni hadithi? Ya kwanza ilikuwa na hadithi."

"Hadithi gani, na mathe alienda Luanda, sasa ako kwa kaburi?"

"Labda alishikwa na malaria huko."

"Basi angezikwa huko. Wewe ushawahi ona maiti ikitolewa ushago kuletwa town?"

Tulikuwa watu wa kuchanga kila mara ili mtu wetu arudishwe nyumbani kuzikwa. Safari ya kuja huku, ya maiti, hakuna aliyewahi kuichangia.

"Hao ni wazungu," mmoja akajaribu. "Wao huzika popote."

"Mzungu gani ako na dada Luanda?"

Watu wakaangua kicheko. Rafiki yangu alikuwa amesimama pale na sinia la viazi la nyanya. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Alikufa."

"Nani?"

"Mathe ya Nguzo. Alikufa ile ya kwanza. Mimi nilijua hiyo siku. Nyumba ikikuangukia hakuna mlango ya nyuma."

Kinyozi akaendelea kunyoa mahali alipokwisha kunyoa. Mjomba akaimwaga chai yake taratibu kwenye mtaro, akabaki ameshika kikombe.

Mwenye vidio akajifuta povu. "Sikiza, dijei. Jumamosi tunarudisha ya kwanza. Wewe utafsiri vile iko. Watu wakitoka wamefurahi, maik ni yako. Wakilalamika, mimi naleta zile diski za tao."

Jumamosi hiyo kibanda kilijaa hadi watu wakaegemea mabati. Nyanya mwenyewe aliepua karai akaingia, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Mjomba hakuwahi kutafsiri kama siku ile. Landilodi alitisha. Mbwa alibweka, mbwa wa jirani akajibu. Nami nikaanza kuamini kwamba itakuwa sawa.

Nyumba zikaanza kuanguka. Rafiki yangu alikuwa kando yangu. Mjomba hakuitazama televisheni, alimtazama yeye.

"Mathe hajatoka," akasema. Haikuwa sauti ya bibi kizee wala ya jambazi. Ilikuwa sauti yake, ile ya nyumbani, ya kuomba chumvi. "Hakuna mlango ya nyuma. Ameangukiwa. Nguzo alijaribu, hakufika. Amekufa, watu wangu. Pole. Amekufa."

Nilitarajia kimya. Kilichokuja ni ngurumo.

"Wacha uongo!"

"Rudisha mathe Luanda!"

"Tumelipa kuona ya kwanza, hii ni gani?"

Walikuwa ni wale wale, rafiki. Waliomcheka kwa kudanganya ndio waliomzomea kwa kusema kweli, na nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi tangu siku ile, haijawahi kutoka sawa. Mwenye vidio akapenya katikati ya watu, akachomoa waya wa maik, akapandisha sauti ya filamu. Nguzo akaendelea kulia kwa Kizungu. Pale mbele, rafiki yangu naye akalia, mara ya kwanza tangu ile slabu, mwili mzima ukitikisika, na nyanya akamfunika leso yake yenye harufu ya mafuta. Katika kelele zile hakuna aliyemwona isipokuwa sisi na mjomba. Hilo halikuandikwa upande wake. Jumatatu diski za tao zilikuwa zinanguruma ndani ya kibanda, na sauti ya mtu asiyetujua ilikuwa inatufanyia mzaha.

Rafiki yangu alichukuliwa na shangazi yake Dagoretti, na urafiki wa dawati moja, dawati likigawanyika, nao huisha. Nyanya tulimsafirisha nyumbani kuzikwa, kwa njia inayoeleweka. Pale vidio ilipokuwa pamepandishwa fleti, nyembamba na ndefu, sipendi hata kupita chini yake. Zile diski za tao bado zinauzwa, watu wanazihifadhi kwa simu, wanasema hizo ndizo za zamani, za asili. Filamu yenyewe ya kwanza nayo ipo, imesafishwa, inang'aa, unaweza kuhesabu matofali yanayoanguka. Ile yetu haikuwahi kuwekwa kwenye kitu chochote. Ilikaa hewani jioni kadhaa, ndani ya joto la watu, ikaisha. Waliobaki wanaoikumbuka wanatosha kwenye benchi moja, na nusu yao wangeapa kwamba kulikuwa na helikopta.

Mjomba ni mlinzi wa lango la jengo moja la ofisi, Upper Hill. Yule aliyekuwa na sauti za mji mzima kinywani, siku hizi anaishi kwa maneno machache: jina, kitambulisho, gorofa ya ngapi. Jumapili, siku moja baada ya ile foleni ya Westlands, nilimwita kwangu. Nikapika kuku na chapati. Binti yangu akaitafuta Nguzo ya kwanza kwenye televisheni. Ilipoanza, nilichukua rimoti nikashusha sauti hadi mwisho, kama alivyokuwa akifanya yeye, nikaketi, nikangoja. Binti yangu alifungua mdomo kuuliza, nikamkanyaga mguu.

Mjomba alitazama. Alikata chapati, akachovya mchuzi, akatazama. Daraja likazuiwa bila sauti. Meli zikapita mtoni bila mtu wa kuutaja mto. Mama yake Nguzo akafungua mdomo, akaufunga. Nyumba zikashuka kama vumbi linavyoshuka juu ya kabati, na Nguzo akapiga magoti. Mjomba akaegemea mbele kidogo.

Akajipangusa vidole, kimoja kimoja.

"Muvi ni nzuri," akasema. "Haikuwa inahitaji mtu."

Kisha akaniomba niongeze sauti, mtoto asikie.