Rangi ya Gauni la Harusi

Presha ya macho ilipomnyang'anya mama jicho la pili, tamthilia yetu ilikuwa imefika katikati. Hakuhama kwenye kiti chake mbele ya runinga, pale kwetu Somanda. Aliisikiliza, kwa kuwa ilitoka ng'ambo na kutiwa sauti za Kiswahili, na kila sentensi ilipotua aliitikia, "Ee." Ndivyo alivyolelewa Kiloleli: hadithi ya kwenye moto haiendi bila mwitikiaji. Msimuliaji asiposikia "ee" anajua amewachosha watu, ananyamaza.

Mimi ni msomi. Chuo kikuu nilifundishwa kwamba filamu ni picha, na maneno ni mkongojo wa mwongozaji mvivu. Nimeandika makala kuhusu jambo hilo, zikasomwa na mhariri na, nadhani, mkewe. Kwa hiyo kamera ilipoelea juu ya milima ya theluji bila mtu kusema neno, mimi nilishusha pumzi kwa raha, mama akauliza kama umeme umekatika.

"Upo, mayu," nikamjibu mama. "Wanaonyesha mlima."

"Mlima umefanya nini?"

"Haujafanya kitu. Unapendeza tu."

"Basi hiyo ni kalenda. Niambie wakianza kuongea."

Kadiri tamthilia ilivyosonga, picha zilizidi uzuri na watu wakazidi ububu. Walitazamana. Walisimama kwenye mvua. "Ee" za mama zikapungua, na jioni moja akaomba apelekwe kulala kabla jua halijazama. Hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea kuumizwa na runinga. Nikahamia upande wa maneno siku hiyohiyo, kwa bidii ya mtu aliyeokoka jana. Nilianza kumsimulia nani kamwangalia nani kwa jicho gani, nani kaficha nini. Milima na mavazi niliviruka kama matangazo, na baadaye sikuviona tena. "Ee" zikarudi.

Mvua za kwanza ziliponyesha alilazwa. Dada yangu alikaa naye wodini. Mimi nilitazama tamthilia jioni na kwenda kumsimulia kesho yake mchana, saa ya kuona wagonjwa. Kila mchana "ee" zilikuwa chache zaidi na zilichelewa. Nikajifunza kungoja.

Ikafika harusi ya binti yule, yatima tuliyemfuata tangu mwanzo. Nilimsimulia mama yote: shangazi aliyekataa kuja, kaka aliyefika ibada imeanza. Niliposema binti kaingia kanisani, nikangoja "ee". Badala yake akauliza, "Amevaa nini?"

Nikasema gauni jeupe.

"Jeupe lipi?"

Nusu ya maisha yake mama alitenganisha pamba safi na pamba fifi, ile iliyopoteza weupe. Kwake nyeupe haikuwa rangi moja. Nikakiri sikutazama.

"Sasa ulikuwa unatazama nini, msomi?" dada akasema.

Mama alicheka kwa pua. Akaniambia kuna marudio alasiri, nikatazame vizuri, nije nimwambie jioni.

Nilitazama. Gauni lilikuwa na rangi ya ua la pamba asubuhi linapofunguka, kabla halijageuka waridi. Ila mikono yake ilikuwa ya kitambaa kingine, kimefifia, chenye vidoti vya buluu. Ilinichukua muda kukumbuka: ni kitambaa cha gauni la mama yake binti, lile alilovaa siku aliyokufa, mwanzoni kabisa, mama yangu alipokuwa bado anaona kwa jicho moja. Mama yangu alililia gauni lile. Sasa binti alikuwa ameikata mikono ya gauni hilo la zamani na kuishonea kwenye gauni la harusi, na katika kanisa zima hakuna aliyelitaja jambo hilo. Lilikuwa kwenye picha tu.

Nilikwenda hospitali kwa miguu ili nipate kuipanga sentensi. Nitaanza na ua la pamba, nimwache aitikie. Kisha vidoti.

Dada alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, ameshika khanga ya mama, anaikunja, anaikunjua, anaikunja. Nyuma yake, mlangoni, nilikiona kitanda cha mama kitupu, kimetandikwa upya.

Nilikaa. Nikamwambia gauni lilikuwa na rangi ya ua la pamba, lile la asubuhi.

"Ee," akasema.

Nikamwambia na mikono, ilikotoka.

Nikangoja. Aliinamia khanga, akajifunika nayo uso, na "ee" yake ikatokea humo ndani.