Zulia la Kuazima

Mgeni alikula akashiba, na balaa lote lilianzia hapo.

Alikuwa kijana wa heshima, jina lake Abdulhakim, mzaliwa wa Kismayo, na mfuko mmoja wa ufadhili ulikuwa umemtuma kisiwani Chula kuangalia hali ya nyumba ya Mahmudi, fundi wa mashua. Rawda, binti wa Mahmudi, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja cha Mogadishu. Ada ilikuwa dola mia tisa kwa mwaka, na mfuko huo uliwalipia ada yote wanafunzi wasio na uwezo. Kazi ya Abdulhakim ilikuwa kuja kujionea kwa macho yake kama kweli hawana uwezo.

Sasa niambieni, ni nyumba gani ya Kibajuni itakayompokea mtu aliyetoka Kismayo kwa mashua, chumvi imemkauka hadi kwenye nyusi, kisha imwoneshe sufuria tupu? Bi Mwanasiti, mamake Mahmudi, alipopata habari ya mgeni alijifunga kibwebwe. Zulia jekundu likaazimwa kwa jirani yao, Bi Mishi, na vikombe vya kahawa vyenye ukingo wa dhahabu vikatoka huko huko. Nguru mzima akachukuliwa pwani kwa mkopo. Mchele mzuri ukaletwa kutoka dukani kwa ahadi. Hata halwa iliyokuwa imewekewa Idi ikafunguliwa.

Rawda alijaribu kumnong'oneza. "Bibi, huyu anakuja kuangalia umaskini wetu."

Bibi alimkata jicho. "Akauangalie kwao. Kwangu atakula."

Basi Abdulhakim akala, akanawa, akashukuru, akatoa karatasi zake. Akauliza kama kuna siku nyumba hii hulala bila kula. Mahmudi, amekaa wima juu ya zulia la watu, akajibu, "Alhamdulillahi, hatujalala njaa." Akauliza kama kuna deni. "Hakuna." Akauliza kama wana jamaa ng'ambo anayewasaidia, na hapo Bi Mwanasiti hakumngoja mtu. "Mwanangu Fuad yuko Uingereza. Kila mwezi hunitumia dola ishirini. Hajakosa hata mwezi mmoja, Mungu amweke." Mahmudi akaangalia maua ya zulia. Kalamu ya Abdulhakim ikaandika yote.

Msimwone Mahmudi mjinga. Alikuwa na miaka minane vita vilipowatoa kisiwani wakaishia katika kambi ya wakimbizi Mombasa, na yeye ndiye aliyetumwa foleni na kadi ya chakula, maana mamake alikuwa akilea mdogo wake Fuad aliyekuwa mgonjwa. Karani wa pale alikuwa na mchezo wake. Kabla hajakupimia mahindi, alitaka useme kwamba nyumbani hamna kitu, na ukisema polepole alikuambia useme kwa sauti, walio nyuma wasikie. Mahmudi alisema kwa sauti kwa miaka. Siku waliporudi Chula aliapa kwamba maneno hayo hayatatoka tena kinywani mwake, na akashika tezo, akawa fundi, akakitimiza kiapo chake hata siku aliyokuja Abdulhakim.

Na Fuad? Fuad hakuwa ametuma hata senti kwa miaka miwili. Mgongo ulimharibikia kazini huko Uingereza, akaachishwa, akabaki kulala kwenye viti vya marafiki. Alimpigia kakake mara moja akalia, akamsihi asimwambie mama, kisha akanyamaza kabisa. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi Mahmudi alikuwa akitoa dola ishirini katika ujira wake, akampelekea mamake, akasema, "Fuad katuma." Mamake alizibusu, akazitia kibindoni. Mahmudi hakumwambia mtu, hata Rawda.

Jibu la mfuko lilifika Jumatatu kwenye simu ya Rawda. Familia imeonekana kuwa na uwezo wa wastani. Mfuko utalipa nusu. Nusu ya pili, dola mia nne na hamsini, ilipwe chuoni kabla ya Alhamisi adhuhuri, ama sivyo nafasi atapewa mwingine. Asiyeridhika afike ofisi ya Kismayo Jumatano, mzazi pamoja na mtu mzima mwingine wa nyumba hiyo hiyo, atoe maelezo upya.

Mahmudi alisomewa ujumbe ule akiwa uwanjani kwake, kati ya mbao. Akaomba usomwe tena. Mashua iliyosimama pale, mataruma yake, zile mbavu za mbao, nusu yamefunikwa, ilikuwa ya mtu wa kisiwa jirani cha Chovae ambaye angelipa fungu la mwisho siku ya kuishusha majini, na siku hiyo ilikuwa bado miezi miwili. Mbao hazikuwa zake. Akauze misumeno na keekee ya kutobolea mbao? Atakula nini kesho yake, na hiyo mashua ya watu ataimalizia kwa meno?

"Kuna ile kozi ya duka la dawa pale Kismayo," alisema Rawda. "Miezi sita, dola mia moja. Baba, hiyo tunaiweza."

"Uliomba kuuza dawa au kuwa muuguzi?"

 Mamake Rawda alifia mashuani akikimbizwa Kismayo kujifungua, kwa kuwa Chula hapakuwa na mtu wa kumzuia damu, na mtoto naye hakuishi. Rawda alikuwa na miaka tisa, na kichwa cha mamake kilikuwa mapajani mwake. Mahmudi alijua fika binti yake alichokiomba. Alijua pia kwamba njia iliyobaki ni moja, nayo inapita kwenye kinywa chake mwenyewe.

Alijaribu kuikwepa, sitamficha. Alimwomba Bi Mishi afuatane naye awe ndiye mtu mzima wa pili. Ofisi ikajibu kwa simu kwamba jirani hafai. Ndani ya nyumba yake mtu mzima mwingine alikuwa mmoja tu, na mtu huyo alikuwa tayari amevaa buibui anauliza mashua inaondoka saa ngapi.

 Safari nzima mamake alimweleza jinsi ya kujibu, kwa Kibajuni chake kinachowaita watu wachu. "Sema ada imekuwa kubwa. Usijidhalilishe. Na mtaje nduguyo vizuri, waone tuna wachu."

Jumatano ofisi ilifurika. Wazazi walikaa kwenye mabenchi pande zote mbili, na katikati palikuwa na meza moja, hakuna pazia wala mlango. Kila aliyeitwa alisikika na wote. Mahmudi aliwaona wanaume wawili wa Chovae anaowajua, wakasalimiana kwa vichwa.  Jina lake lilipoitwa, aliinuka kama vile ameambiwa asogee mbele na kadi ya mahindi.

Mezani alikuwa Abdulhakim yule yule. Alimwamkia Bi Mwanasiti kwa adabu, akafungua jalada.

"Ami Mahmudi, niliandika niliyoyaona. Sasa niambie nilipokosea."

 Rawda, aliyesimama nyuma ya bibi yake, aliuma ncha ya mtandio.

"Zulia," alisema Mahmudi mwishowe.

"Zulia lina nini?"

"Si letu. Ni la jirani." Akapumua. "Vikombe pia."

Kwenye benchi mtu alikohoa. Bi Mwanasiti akageuka akamtazama mwanawe kwa hasira. "Mahmudi! Mbele za wachu?"

"Na yule nguru?" aliuliza Abdulhakim polepole.

"Tulimkopa. Sijamaliza kumlipa."

Abdulhakim aliweka kalamu chini. Uso wake ulimwiva kwa haya, maana alikumbuka vizuri kwamba aliongezewa mara mbili na hakukataa. Baadaye akaichukua tena kalamu.

"Niliuliza kama kuna siku mnalala bila kula."

Mahmudi aliinama. "Zipo," alisema.

"Samahani, sikusikia."

Kijana wa watu hakuwa na nia mbaya, chumba kilikuwa na kelele. Lakini Mahmudi alikuwa amekwishaitia mikono yote miwili kwenye ukingo wa meza, na kwa kitambo kidogo Rawda aliona kabisa kwamba baba yake atainuka aondoke. Akamwekea mkono begani. Mahmudi akasema kwa sauti, walio nyuma wakasikia, "Zipo siku nyumba yangu hailali na chakula. Mama na huyu mtoto hula. Mimi husema nimekula uwanjani."

 Abdulhakim aliandika, akageuza ukurasa, na Mahmudi alijua kilichoko kwenye ukurasa huo.

"Limebaki moja. Ndugu yako Fuad. Hizo ishirini za kila mwezi bado zinakuja?"

"Zinakuja," alisema Bi Mwanasiti. "Mwezi huu nimepata."

Mahmudi alimtazama mamake. Angeweza kunyamaza. Neno moja la mama lingebaki pale kwenye karatasi, Fuad angebaki mwana mwema, na Rawda angekwenda kuuza dawa za kikohozi. Moyo ulimuuma kiasi cha kutaka kulia, mtu mzima na ndevu zake.

"Hatumi, mama," alisema. "Miaka miwili sasa. Zile ni zangu."

Bi Mwanasiti hakupiga kelele. Mkono wake ukaanza kutafuta kitu cha kushika, Rawda akaudaka.

"Yu hai?" aliuliza bibi.

"Yu hai, mama. Wallahi yu hai. Aliumia mgongo, hana kazi. Anaona haya kupiga simu hana kitu mkononi."

"Yu hai," alisema tena bibi, safari hii akijiambia mwenyewe.  Kisha akauvuta mkono wake kutoka kwa Rawda, akaunyoosha juu ya meza. "Lete wino, mwanangu. Aliyosema ni kweli."

Akagandamiza dole gumba. Abdulhakim akagonga muhuri, lakini hakufunga jalada.

"Nitaipeleka leo hii, na nitaandika kwamba kosa lilikuwa langu," alisema. "Lakini jibu ni baada ya wiki mbili. Chuo hakitangoja. Nusu isipolipwa kufika kesho adhuhuri, nafasi imekwenda. Mkikubaliwa baadaye, mtarudishiwa."

Yaani yote yale, na bado. Mahmudi aliinamisha kichwa. Aibu alikuwa amekwishaila mbele ya mabenchi mawili ya watu, na mkononi hakuwa na hata nauli ya kurudi Chula iliyokamilika.

"Basi, baba," alisema Rawda, sauti ikimkatika. "Nitasoma ile ya dawa. Twende."

"Twende wapi?" alisema Bi Mwanasiti.

Alikuwa amegeukia ukuta, anahangaika na mafundo ya kibindo chini ya buibui. Alitoa kitambaa kilichoshonwa pande nne, akakikata uzi kwa jino, akakimimina mezani. Zilikuwa noti zilizokunjwa ndogo ndogo, nyingi za tano tano, nyingine zimegandishwa kwa utepe. Mahmudi alizitambua moja moja. Zilinuka sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mashua, na mpaka leo hajui kama mamake kwa miaka miwili hakuisikia harufu hiyo katika pesa za Uingereza, au aliisikia akaiacha ipite.

"Mia nne na sitini," alisema bibi. "Ishirini nilinunulia dawa ya macho. Hizi nilikuwa namwekea Fuad. Nilisema siku akichoka na baridi ya wachu, asikose nauli ya kurudi kwetu."

"Mama, hizo—"

"Hesabu, mwanangu," bibi alimwambia Abdulhakim, kana kwamba Mahmudi hakusema kitu. "Umtumie huyo mtu wa chuo sasa hivi, nikiona."

Abdulhakim alihesabu mara mbili, akatoa simu, akatuma kutoka kwenye akaunti yake, akamwonesha Rawda ujumbe wa risiti. Zikabaki dola kumi mezani. Bibi akamsukumia mwanawe. "Kamlipe mwenye nguru."

Walipokuwa wakitoka, Rawda alikuwa analia waziwazi, wala hakujificha. Bi Mwanasiti alimshika mkono, wakateremka ngazi taratibu kwa sababu ya macho yake.

"Ukifika Mogadishu umpigie ami yako," alisema. "Mwambie pesa zake ndizo zilizokulipia chuo."

"Lakini bibi, si zake."

"Mwambie hivyo hivyo," alisema bibi. "Huenda akanipigia."