Umri wa Njiti

Sokoni walimwita Mama Shoka, wala hawakumtania. Miaka kumi na tisa alipasua mifupa ya ng'ombe kwenye bucha lake huku akipiga soga na wateja. Mumewe alipojaribu kumnyanyulia mkono, alimwonyesha ndoano ya kutundikia nyama akamwuliza anataka kuning'inia kwa shingo au kwa mguu. Mume alihama wiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo Njiti, kibaka mwembamba wa stendi, alipoingia na panga asubuhi ile, alikosea bucha.

Alitaka droo ya mauzo. Mama Shoka akaweka mkono juu ya droo. Panga likashuka. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikaruka, kimoja kikaangukia kwenye sinia la maini. Hakupiga kelele. Kwa mkono wa kushoto alinyakua mfupa wa paja, akamtandika Njiti nao mpaka meno yakamwagika, akamfuata pale pale sakafuni akamwongeza. Watu wakaja na mawe. Mwingine akaleta tairi.

"Choma!" alisema Mama Shoka, damu ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Mnangoja nini, kibali?"

Polisi waliwahi kabla ya kiberiti.

Tangu siku hiyo bucha liligeuka bunge. Mwendesha mashtaka alikuwa amemweleza wazi: kama Njiti alishatimiza kumi na nane siku ile, ni jela miaka thelathini, kama bado, ni shule ya kurekebisha tabia, miaka mitatu, anatoka. Cheti hana, mama yake alishakufa, na daktari wa meno anasema ni kati ya kumi na saba na kumi na tisa.

"Daktari mzima!" alifoka Mama Shoka. "Mimi mbuzi nikimfunua mdomo nakutajia umri wake. Yeye alisomea nini?"

"Si uliyamwaga meno mwenyewe?" fundi viatu wa jirani akamchokoza. "Kapima mapengo."

"Hiyo sheria ishushwe mpaka miaka kumi. Panga halina cheti cha kuzaliwa. Aliyeweza kulinyanyua aweze na kufungwa."

Binti yake, aliyekuwa akifuta mizani, akadakia: "Kwa hiyo na mimi ni mtu mzima, mama? Maana nikitaka kwenda kwa shangazi peke yangu naambiwa mtoto, na kumi na nane natimiza mwezi ujao."

"Funga domo, futa mizani."

Fundi viatu alicheka mpaka akajichoma sindano.

Siku ya kuamua umri, mahakamani alisimama bibi yake Njiti, ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Mama Shoka alikaa benchi la mbele na bandeji yake, akiiombea ile thelathini.

"Mjukuu wangu alizaliwa siku dari la wodi ya wazazi lilipoporomoka kwa mvua," alisema bibi. "Madaftari yote yalilowa. Wazazi walilazwa chini ya ngazi, mmoja ubavuni mwa mwenzake."

"Mwaka gani, bibi?" hakimu akauliza.

"Mwaka sikuushika, mheshimiwa. Ninachokumbuka, mwanangu alizidiwa na uchungu akamng'ata bega mwenzake, akang'ang'ania, mpaka nikambana pua ndipo akaachia. Yule mwenzake akamzaba kofi, kisha huyo mwenzake naye akajifungua hapo hapo, mtoto wa kike."

Watu wakacheka. Hakimu akauliza, "Mwanamke huyo yuko wapi?"

"Nitajuaje? Jina sikumwuliza. Nilimwomba radhi tu."

Mama Shoka alihisi bega la kushoto likimwasha. Safu mbili za meno zilikuwa pale chini ya gauni, na cheti cha binti yake kilikuwa kabatini nyumbani, na tarehe yake. Hakuna mwingine aliyejua. Alitakiwa kunyamaza tu, Njiti aozee jela. Hakumwonea huruma hata chembe. Angepewa mfupa wa paja, angemwongeza tena mbele ya hakimu. Lakini kila alipojaribu kumhesabia Njiti kumi na nane, ilimbidi amhesabie na binti yake, na hesabu ikakataa.

Akasimama, akavuta gauni begani.

"Mheshimiwa, meno yenyewe haya hapa. Cheti cha binti yangu nitakileta. Hawa walizaliwa siku moja. Siku ananikata alikuwa na kumi na saba, mbwa huyu."

"Mama, chunga ulimi."

"Samahani, mheshimiwa. Alikuwa na kumi na saba, na alikuwa mbwa."

Nje fundi viatu alimkabili. "Umetuangusha! Vidole vyako umevitupa bure!"

Mama Shoka akamkunja shati shingoni kwa mkono mzima mpaka macho yakamtoka. "Vidole ni vyangu. Sheria waibadilishe hata kesho, mimi wa kwanza kuinua mkono huu huu uliokatwa. Ila miaka ya mtu siichongi."

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata: miaka mitatu. Njiti alipopitishwa na askari, aliinama karibu naye, taya limekaa upande.

"Nikitoka namalizia vilivyobaki."

"Mjukuu wangu!" bibi akalia. "Huyu ndiye aliyekuokoa!"

Mama Shoka hakurudi nyuma hata hatua moja. "Ukitoka utakuwa na ishirini na moja. Njoo. Hapo hakuna atakayeuliza cheti."

Askari wakamsukumia garini. Bibi alibaki kwenye ngazi za mahakama, hajui amshukuru mwanamke huyu au amkimbie, na Mama Shoka hakungoja aamue.